Mwongozo kamili: Kubadilisha kigunduzi cha gesi kwenye karavani, na kujua kama muda wake umekwisha

Maswali ninayoletewa kuhusu vigunduzi vya gesi vya kwenye karavani (gari au tela la kuishi safarini) ni matatu, na yanajirudia. La kwanza: nimefunga kipya, hakiwaki. La pili: nimefunga kipya, bado kinalia. La tatu ndilo linalonikosesha usingizi: taa yake ni ya kijani na hakisumbui mtu, kwa nini nikitoe?

Naanza na hilo la tatu. Taa ya kijani inakuambia kwamba umeme unafika na saketi inafanya kazi. Haikuhakikishii kwamba kihisi kilichomo ndani bado kinanusa gesi. Kinachokuambia hilo ni tarehe iliyoandikwa mgongoni mwa kifaa, na ili uione huna budi kukifungua.

Niliwahi kutoa kimoja kilichokuwa chini ya friji ya karavani, karibu na sakafu. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Nilipolegeza skrubu mbili na kukigeuza, nikakuta matundu ya kuingizia hewa yamezibwa na vumbi lililoshikana na manyoya ya mbwa, nene kama kipande cha blanketi. Wino wa tarehe ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: miaka kumi na miwili. Watoto walikuwa wanalala hatua mbili kutoka pale. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Kigunduzi kipya cha volti 12 kilichotengenezwa kwa ajili ya karavani (Hatua ya 2 inaeleza namna ya kukichagua)
- Mita ya kupimia umeme yenye uwezo wa kupima volti za betri
- Bisibisi, ya nyota na ya bapa
- Koleo la kukatia na kumenyea waya, pamoja na koleo la kubania viunganishi
- Viunganishi vya kubana vinavyolingana na unene wa waya zako
- Tepu ya umeme, ya rangi mbili tofauti ukiweza
- Fyuzi ndogo ya ampea 1 na kikasha chake, kama karatasi ya maelezo inaidai
- Chupa ya kupuliza yenye maji na sabuni ya vyombo
- Kalamu isiyofutika
- Simu, ya kupigia picha

Mita ya umeme si ya hiari. Nusu ya kazi zinazoharibika huharibika kwa sababu mtu aliamini rangi ya waya. Ya bei ndogo kabisa inatosha.

## Hatua ya 1: Jua umri wa ulicho nacho

Ndani ya kigunduzi cha gesi ya mtungi kwa kawaida mna kipande kidogo cha oksidi ya metali, mara nyingi ya bati, kinachopashwa moto muda wote. Gesi ikikigusa, uwezo wake wa kupitisha umeme hubadilika, na saketi husoma badiliko hilo. Kwa kuwa hukaa kwenye moto mchana na usiku, kipande hicho huchakaa hata kama hakijawahi kukutana na gesi. Kuchakaa huko hukuoni wala hukusikii.

Kuna pia vitu vinavyokiua kabla ya siku zake. Mvuke wa silikoni ni adui mkubwa: dawa za kung'arisha plastiki na dashibodi, gundi ya kuzibia madirisha, baadhi ya dawa za kupuliza nywele. Huganda juu ya kihisi na kukiziba. Ukiwa umeziba paa kwa silikoni ndani ya karavani iliyofungwa madirisha, kigunduzi chako kimezeeka kuliko tarehe yake.

Vingi vimepewa maisha ya miaka 5. Vya miaka ya karibuni hufika 7, na vipo vya miaka 10. Usikisie. Kifungue ukutani, kigeuze, usome nyuma. Kuna mambo mawili ya kutofautisha:

Tarehe ya kutengenezwa. Hii ipo karibu kila mara. Kama hakuna tarehe nyingine, hesabu kuanzia hapa.

Tarehe ya mwisho wa matumizi, au maneno yanayosema "badilisha baada ya miaka kadhaa tangu kuwashwa". Baadhi ya vigunduzi vina saa ya ndani inayoanza kuhesabu siku kilipopata umeme kwa mara ya kwanza. Saa hiyo ikifika mwisho, kifaa huanza kutoa mlio mfupi mmojammoja, na taa hubadilika. Vingine hukuruhusu kukinyamazisha kwa muda mfupi ili upate nafasi ya kununua kipya. Muda huo ukiisha, hakinyamazi tena.

Tatizo ni kwamba vigunduzi vingi vya zamani havina saa hiyo. Havitakuambia kitu. Vitabaki na taa ya kijani mpaka siku karavani itakapouzwa kwa chuma chakavu.

Kama umenunua karavani iliyotumika na tarehe haisomeki, hesabu kwamba kigunduzi kimekwisha.

Unajua umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe mbili kwenye karatasi: kilipotengenezwa, na kinapotakiwa kutoka.

## Hatua ya 2: Nunua kinachofaa, si kinachofanana kwa sura tu

Kwanza jua ulichonacho kinanusa nini. Vipo vya gesi ya mtungi peke yake, vipo vya kaboni monoksidi peke yake, na vipo vya vyote viwili katika kasha moja. Watu huvichanganya, na kosa hili ni la hatari.

Gesi ya mtungi, ambayo mara nyingi ni propani, ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji yanavyotafuta bonde. Kaboni monoksidi ni hadithi nyingine: uzito wake unakaribiana na wa hewa, inachanganyika nayo kila mahali, haina harufu wala rangi, na haitoki kwenye mtungi bali kwenye moto usioungua vizuri, mfano wa hita, jiko, jenereta au injini ya jirani. Kigunduzi cha gesi moja hakiioni nyingine. Unahitaji ulinzi wa zote mbili. Kama ukichukua cha pamoja, kumbuka kwamba kihisi kinachokufa mapema ndicho kinachoamua siku ya kukitoa kifaa kizima.

Cha nyumbani usikifunge kwenye karavani. Karavani hutikisika barabarani, hupigwa jua ikawa tanuri, kisha hupigwa baridi usiku, na umeme wake hupanda na kushuka kadiri betri inavyochajiwa. Tafuta alama ya viwango kwenye kasha: kwa Amerika Kaskazini ni UL 1484 kwa gesi ya mtungi na UL 2034 kwa kaboni monoksidi, pamoja na maneno yanayosema kinafaa kwa magari ya makazi, kwa Ulaya ni EN 50194-2 na EN 50291-2, ambazo zimeandikwa mahsusi kwa magari ya aina hii.

Kisha pima tundu. Vingine huzama ndani ya ukuta, vingine hukaa juu yake. Pima upana na kimo cha tundu lenyewe, si cha fremu. Kipya kikiwa kikubwa kidogo, utapanua tundu. Kikiwa kidogo, utahitaji fremu ya kuzibia.

Na jambo la mwisho hapa: hesabu waya za kile cha zamani. Kikiwa na mbili, ni za umeme tu. Kikiwa na zaidi ya mbili, huenda kinaendesha valvu ya umeme inayofunga gesi yenyewe kengele ikilia. Hapo nunua modeli yenye uwezo huohuo. Ukiweka cha waya mbili unaiondoa kinga ambayo mtengenezaji wa karavani aliiweka kwa makusudi.

Soma pia tarehe ya kile kipya kabla ya kulipa. Kilichokaa stoo miaka miwili kinaweza kuwa kimeshapoteza sehemu ya maisha yake.

## Hatua ya 3: Funga gesi, kata umeme wote

Funga valvu ya kila mtungi kwa mkono, kulia mpaka mwisho. Fungua milango na madirisha. Zima jiko, friji ya gesi na hita.

Sasa umeme. Hapa ndipo watu hujidanganya kwamba wameshakata. Karavani inaweza kuwa na vyanzo vitatu vya volti 12: betri, chaja inayolishwa na umeme wa nje, na sola. Ukikata kimoja, viwili vinaendelea. Zaidi ya hapo, kigunduzi mara nyingi huungwa moja kwa moja bila kupitia swichi kuu ya betri, ili mtu asikizime kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kuzima swichi kuu si ushahidi wa chochote.

Fuata mpangilio huu:

1. Chomoa waya wa umeme wa nje. Zima jenereta.
2. Tenga paneli za sola. Hizi hutangulia kabla ya betri, kwa sababu vidhibiti vingi vya sola huharibika paneli zikiendelea kusukuma umeme ilhali betri haipo.
3. Toa waya wa hasi kwenye betri, kisha wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma cha gari, utaona cheche kubwa.

Umefaulu ikiwa taa ya kigunduzi imezimika. Kama bado inawaka, kuna chanzo hujakipata. Kitafute kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 4: Toa cha zamani

Legeza skrubu, vuta taratibu. Waya mara nyingi ni fupi, na ukivuta kwa nguvu zitakatika ndani ya ukuta ambako mkono haufiki.

Piga picha kabla ya kukata. Kisha angalia waya zinazotoka kwenye kigunduzi chenyewe: karibu kila mara nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Fuata ile nyekundu mpaka inapoungana na waya wa karavani, na hapo upande wa karavani zungushia tepu ya rangi moja. Fanya vivyo hivyo kwa nyeusi kwa tepu ya rangi nyingine. Usijali rangi ya waya wa karavani kwa sasa.

Kata waya mojamoja, kamwe si zote mbili kwa mkato mmoja, na uzikate karibu na kigunduzi ili ubaki na urefu upande wa ukuta. Ncha zikitoka tu, zitenganishe zisigusane.

Ukiona kitako cha nyuma kimebadilika rangi kuwa cha kahawia, au waya zimekauka na kupasuka, tatizo ni kubwa kuliko kigunduzi. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kama waya imekuwa nyeusi ndani kwa urefu mrefu, mwite fundi wa umeme wa magari.

## Hatua ya 5: Tafuta chanya na hasi kwa mita

Nakuomba usiiruke hatua hii.

Katika karavani nyingi zilizotengenezwa Marekani na Kanada, waya mweupe wa volti 12 ndio hasi, na mweusi ndio chanya. Kigunduzi kipya kinakuja na nyekundu ya chanya na nyeusi ya hasi. Mtu mwenye akili timamu anaona nyeusi na nyeusi, anaziunga pamoja, kisha anaipa nyekundu ile nyeupe iliyobaki. Amepindua umeme. Vigunduzi vyenye kinga havitawaka tu. Visivyo na kinga vitaungua papo hapo, bila hata moshi wa kukushtua. Hicho ndicho chanzo cha swali la kwanza, "nimefunga kipya, hakiwaki". Nimeshuhudia mtu akirudisha vitatu dukani, kimoja baada ya kingine, akilaumu bidhaa.

Kwenye karavani za kwingine rangi ni nyingine kabisa, na zilizopitia mikono ya mafundi kadhaa hazina mpangilio wowote. Kwa hiyo pima:

1. Hakikisha ncha mbili za waya ziko mbali na hazigusi chuma.
2. Rudisha betri: chanya kwanza, kisha hasi.
3. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kiwango cha 20.
4. Gusa ncha moja kwa mkono mwekundu wa mita, nyingine kwa mweusi.

Namba ikitokea bila alama ya kutoa, mfano 12.6, waya ulioguswa na mkono mwekundu ndio chanya. Ikitokea na alama ya kutoa, mfano −12.6, ni kinyume chake. Linganisha na tepu ulizofunga. Zikipingana, iamini mita.

Usiishie hapo. Soma na kiasi chenyewe. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6, iliyofika nusu huonyesha karibu 12.1. Chaja ikiwa inafanya kazi utaona 13 na kitu. Ukiona chini ya 11.5 kwenye waya ilhali betri yenyewe inaonyesha 12.5, umeme unapotelea njiani: kuna kiunganishi kilicholegea au kutu. Kirekebishe sasa, maana kigunduzi kipya kikipewa umeme hafifu kitaanza kulia usiku wa kwanza.

Ukishapata jibu, toa tena betri kama ulivyofanya mwanzo.

## Hatua ya 6: Unga waya

Menya karibu sentimita moja ya kila ncha. Ingiza kwenye kiunganishi, bana kwa koleo lake, kisha vuta kila waya kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ikichomoka, bora imechomoka sasa kuliko barabarani. Usisokote waya na kufunga tepu peke yake: karavani inatikisika saa nyingi na tepu hulegea kwa joto.

Kama karatasi ya maelezo inataka fyuzi kwenye waya wa chanya na haipo, iweke. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukigusana na chuma ndani ya ukuta.

Usikiunge kigunduzi kwenye waya wa taa au wa feni wenye swichi. Siku mtu atakapozima taa alale, atakuwa amezima na kigunduzi.

## Hatua ya 7: Kifunge mahali pake

Kama tundu la zamani lilikuwa pazuri, tumia hilohilo. Kigunduzi cha gesi ya mtungi hukaa karibu na sakafu, kwa kawaida kati ya sentimita 10 na 50, mahali ambapo hewa inapita. Hakikai ndani ya kabati, nyuma ya pazia, wala pembeni mwa mlango wa nje ambako upepo utakipulizia hewa safi. Usiweke begi mbele yake, na kitanda cha mbwa kisogeze: hewa chafu ya tumbo la mbwa inatosha kukiliza.

Cha kaboni monoksidi peke yake hufungwa karibu na wanapolala watu, kwa kimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

## Hatua ya 8: Washa, kisha subiri

Rudisha betri kwanza, halafu sola, halafu umeme wa nje. Mitungi iache imefungwa bado.

Kigunduzi kitawasha taa na kuanza kujipasha moto. Muda huu huchukua kati ya dakika 2 na 10 kulingana na modeli, na taa inaweza kumetameta. Usikibonyeze wala usikichomoe. Wengi hukata tamaa dakika ya pili, wakidhani kimeharibika, wakarudi kufungua waya zilizokuwa sawa.

Umefaulu ikiwa taa imetulia kwenye kijani na kifaa kiko kimya.

## Hatua ya 9: Kijaribu

Bonyeza kitufe cha majaribio mpaka kipige kengele kali. Inatakiwa iwe kali kiasi cha kumwamsha aliyelala fofofo. Mtu mmoja akalale kitandani, mlango wa chumba umefungwa, mwingine abonyeze. Asiposikia vizuri, unahitaji kingine karibu zaidi na kitanda.

Elewa kwamba kwenye modeli nyingi kitufe hicho hupima kengele na saketi, si uwezo wa kunusa. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kujaribu kihisi cha gesi ya mtungi kwa kuachilia gesi kidogo ya kiberiti cha gesi, bila kukiwasha, mbele ya matundu kwa sekunde chache. Fanya hivyo pale tu karatasi ya modeli yako inaporuhusu. Kihisi cha kaboni monoksidi hakijaribiwi kwa njia hiyo hata kidogo, wala kwa moshi wa gari.

Baada ya hapo, kitufe kibonyezwe mara moja kila wiki mnapokuwa safarini, na kila mara karavani inapotolewa maegeshoni.

## Hatua ya 10: Fungua gesi na upake sabuni

Fungua mtungi taratibu. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo unachokifikia: valvu, regyuleta (kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi), ncha za mpira. Povu likikua na kutengeneza mapovu, hapo panavuja. Funga mtungi, kaza au badilisha, rudia.

Kwa nini ujisumbue ilhali umeshaweka kigunduzi kipya? Fanya hesabu hii. Propani ikiwa asilimia 2.1 ya hewa inaweza kuwaka, na kigunduzi kizuri hulia kabla haijafika robo ya kiwango hicho, yaani karibu nusu asilimia. Lita moja ya propani ya kimiminika hugeuka takribani lita 270 za gesi. Karavani yenye nafasi ya mita za ujazo 25 inafikia asilimia 2.1 kwa lita mbili tu za kimiminika zikichanganyika kote. Lakini hazichanganyiki kote. Zinalala sakafuni, kwa hiyo kinachohitajika ni pungufu ya hapo. Na pua yako, ikishakaa na harufu kwa muda, huizoea na kuacha kuisikia.

Mapovu yasipotokea popote, chukua kalamu. Andika mbele ya kifaa, pembeni, mwaka na mwezi kinapotakiwa kutoka. Andika mbele, maana mgongoni hakuna atakayesoma tena.

## Kama kipya bado kinalia

Hili ndilo swali la pili. Kabla ya kukilaumu, pita kwenye mambo haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, chukulia kwamba kinasema kweli. Toka nje, funga mtungi, fuata maelekezo ya sehemu inayofuata. Ukishahakikisha hakuna gesi ndipo utafute sababu nyingine.

Umeme hafifu. Mlio mfupi mmoja kila baada ya nusu dakika hivi, hasa alfajiri wakati betri imeshuka na friji inavuta umeme, mara nyingi ni volti. Pima.

Betri inayochemka. Hii huwachanganya wengi. Betri ya asidi ikichajiwa kupita kiasi hutoa hidrojeni, na vigunduzi huisoma kama gesi. Kama kinalia kila unapochomeka umeme wa nje, na kuna harufu ya mayai viza karibu na kasha la betri, chomoa chaja na ukague betri. Kigunduzi kimekufanyia kazi nzuri kuliko uliyokinunulia.

Mvuke wa vitu vya kawaida. Pombe, manukato, dawa ya madirisha yenye amonia, rangi, gundi. Karavani mpya kabisa, yenye gundi mbichi kwenye mbao na zulia, inaweza kukiliza siku za joto. Fungua madirisha kwa saa kadhaa.

Mlio wa aina nyingine. Modeli hutofautiana, lakini kwa kaboni monoksidi mpangilio uliozoeleka ni milio minne ya haraka, kimya kidogo, milio minne tena. Hiyo si hitilafu. Ni amri ya kutoka.

Jambo moja usilifanye kamwe: kukata waya ili ulale. Ukishindwa kuvumilia, funga mitungi yote, fungua madirisha, mlale kwingine usiku huo.

## Kikilia kweli

Toa watu wote na wanyama nje, mlango uache wazi mnapotoka. Usiwashe wala kuzima taa, usichomoe waya wa umeme, usiwashe injini wala jenereta, usipige simu ukiwa ndani. Cheche ndogo ya swichi inatosha. Ukiwa nje, funga mtungi. Piga simu ya dharura ukiwa mbali. Usirudi ndani mpaka hewa ibadilike na chanzo kijulikane.

Kwa kaboni monoksidi ongeza jambo hili: hesabu watu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito vikiwashika watu kadhaa kwa pamoja, si chakula wala si uchovu wa safari. Wanahitaji hewa safi na daktari siku hiyohiyo, hata wakisema wamepata nafuu.

## Karavani inapoegeshwa kwa muda mrefu

Kigunduzi hula umeme mchana na usiku kwa sababu ya ule moto wa ndani. Kikivuta miliampea 100, ni ampea-saa 2.4 kwa siku. Betri ya ampea-saa 100 inafika nusu ndani ya wiki tatu bila wewe kuwasha taa hata moja, na betri ya asidi ikiachwa chini ya nusu kwa muda mrefu huharibika. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kukata waya za kigunduzi, kisha wakasahau kuziunga msimu ukifika.

Badala ya kukata waya, funga mitungi na utoe betri nzima, au iache kwenye chaja nzuri inayojidhibiti au sola. Ukirudisha betri, kipe kigunduzi dakika zake za kujipasha moto na ubonyeze kitufe kabla ya kufungua gesi. Kumbuka kwamba miezi ya maegesho inahesabika pia kwenye tarehe ya mgongoni.

Kile cha zamani kikate waya mpaka kwenye kasha, ukiandike "kimekwisha" kwa kalamu ileile, kisha ukipeleke panapopokelewa taka za umeme. Kikibaki kwenye droo na waya zake, kuna siku mtu atakiona, atakiunga, ataona taa ya kijani, na atalala.